Kuwafundisha wahadhiri wa rika zote kutumia teknolojia: anza na kazi, umri baadaye

Semina ya teknolojia kwa wahadhiri inapopangwa, mara nyingi mgawanyo wa kwanza huwa wa umri: wenye umri mkubwa wawe na siku yao, vijana yao. Mpango huo unaonekana wa busara, lakini unaharibu kazi kabla haijaanza. Profesa wa miaka 61 aliyechambua takwimu kwa kompyuta tangu ujana wake anakalishwa meza moja na mwenzake asiyejua kuambatisha faili kwenye barua pepe, na wote wawili wanapoteza siku. Kwenye chumba cha pili, mhadhiri msaidizi wa miaka 29 anayehariri video kwa simu anachukuliwa kuwa anajua pia kutunga jaribio la mtandaoni. Hajui, na kwa kuwa ni kijana, hakuna anayemuuliza.

Mwongozo huu umeandikwa kwa wakuu wa idara, waratibu wa mafunzo na mafundi wa TEHAMA ambao wamebebeshwa jukumu la kuwasaidia wahadhiri wenzao. Mhadhiri anayejifunza peke yake pia atakuta sehemu nyingi zinamfaa, hasa ile ya jaribio na ile ya video.

Fikra kwamba waliozaliwa zama za kidijitali ni "wenyeji" wa teknolojia na waliowatangulia ni "wahamiaji" ilienezwa na mwandishi wa masuala ya elimu Marc Prensky mwaka 2001. Watafiti waliokuja baadaye waliipinga sana, kwa sababu tofauti za ujuzi ndani ya rika moja ni kubwa kiasi kwamba mwaka wa kuzaliwa hautoshi kukuambia mtu anaweza nini. Hata hivyo umri si bure kabisa. Mwaka 2003 mtafiti Viswanath Venkatesh na wenzake waliunganisha nadharia nane zinazoeleza namna watu wanavyopokea teknolojia kazini, na wakakuta kwamba umri hubadilisha kinachomsukuma mtu. Kwa walio wadogo, matumaini kwamba chombo kitaboresha kazi yao yana nguvu zaidi. Kwa walio wakubwa, urahisi wa chombo na kuwepo kwa msaada wa karibu ndivyo vinavyoamua. Kwa hiyo kijana muonyeshe atakachookoa. Mkubwa mpe njia fupi na mtu wa kumpigia simu itakapokwama. Somo ni lile lile kwa wote. Mlango wa kuingilia ndio unaotofautiana.

Pima kwa kazi, kabla ya kupanga lolote

Usitume dodoso linalouliza "una ujuzi kiasi gani wa kompyuta, 1 hadi 5". Majibu yake hayana maana. Aliyezoea simu atajipa 5 kwa sababu hajawahi kukutana na kazi anazofanya mhadhiri, na mwenye uzoefu wa miaka mingi atajipa 2 kwa unyenyekevu. Badala yake kaa na kila mhadhiri dakika 20 hadi 25, kwenye kompyuta yake mwenyewe, na umwombe afanye kazi hizi huku ukitazama:

- kuingia kwenye mfumo wa masomo wa chuo na kufungua kozi yake;
- kubadilisha notisi za zamani kwa toleo jipya bila kuacha matoleo mawili yanayowachanganya wanafunzi;
- kutuma tangazo kwa darasa zima kutoka ndani ya mfumo;
- kufungua sehemu ya kukusanyia kazi za wanafunzi na kuiwekea tarehe ya mwisho;
- kusahihisha kazi moja na kuandika maoni humo humo;
- kuunganisha laptopu na projekta, skrini ya wanafunzi ikiwa tofauti na yake;
- kuendesha kipindi cha mtandaoni: kunyamazisha maikrofoni za wengine, kuonyesha slaidi, kusimamisha kuonyesha;
- kurekodi maelezo ya dakika tatu;
- kutunga jaribio lenye maswali matano;
- kupakua alama kama jedwali na kuzipanga kwa namba ya usajili.

Kila kazi ipe alama moja kati ya tatu: anaifanya peke yake, anaifanya akidokezwa, au hajawahi kuifanya. Usimfundishe chochote wakati wa kupima. Ukianza kufundisha, dakika 20 zitakuwa saa mbili, na utatoka na picha ya watu watatu tu. Andika pia anapositasita, hata kama mwishoni amefaulu, kwa sababu pale ndipo atakapokwama mbele ya wanafunzi.

Ukishapata jedwali la idara nzima, panga makundi kwa safu za kazi, si kwa watu. Wote ambao hawajawahi kutunga jaribio wanaingia kundi moja, awe profesa mstaafu wa mkataba au aliyeajiriwa mwezi uliopita. Katika jedwali la aina hii, umri huacha kuonekana haraka kuliko watu wanavyotarajia.

Macho, masikio na vidole

Kuna jambo moja ambalo umri unaliamua kweli, nalo ni mwili. Sehemu ya kile kinachoitwa "kuogopa kompyuta" ni maandishi yasiyosomeka. Kuanzia miaka ya arobaini, lenzi ya jicho hupoteza unyumbufu na vitu vya karibu huanza kuwa na ukungu. Hilo humpata karibu kila mtu. Tatizo ni kwamba watu wengi hawalisemi. Mhadhiri husema "mfumo huu ni mgumu", na ukikaa kwenye kiti chake unagundua kitufe anachotakiwa kukibofya kina maandishi ya kijivu juu ya mandhari nyeupe.

Rekebisha kompyuta yake kabla ya kumfundisha. Kwenye mipangilio ya skrini, ongeza ukubwa wa vitu vyote hadi asilimia 125 au 150. Kwenye mipangilio ya ufikivu, kuza kishale cha kipanya na ukipe rangi inayoonekana. Ndani ya kivinjari, mfundishe kubonyeza Ctrl na alama ya kujumlisha ili kukuza ukurasa, na Ctrl na sifuri kuurudisha. Angalia jambo moja: ukikuza ukurasa kupita asilimia 150, baadhi ya mifumo hubadili mpangilio, menyu ya kushoto ikafichwa nyuma ya mistari mitatu midogo. Mtu atadhani menyu imefutwa. Muonyeshe ile mistari mitatu siku hiyo hiyo.

Skrini ikae sentimita 50 hadi 70 kutoka machoni. Mwenye miwani ya lenzi mchanganyiko, ile ambayo sehemu ya kusomea iko chini, hulazimika kuinua kidevu ili asome skrini iliyo juu. Baada ya nusu saa shingo inauma na somo limeisha. Mshushie skrini.

Kwa masikio, kumbuka kwamba uwezo wa kusikia sauti nyembamba hupungua mapema kuliko sauti nzito, na konsonanti kama s, f na t ziko upande huo mwembamba. Spika ndogo ya laptopu haimsaidii. Vifaa vya kichwani vinavyoziba masikio yote mawili humsaidia mhadhiri kuelewa maswali ya wanafunzi kwenye kipindi cha mtandaoni, na vilevile huondoa mwangwi.

Kisha vidole. Mtu anayeshindwa kubofya mara mbili kwa haraka inayotakiwa, punguza kasi hiyo kwenye mipangilio ya kipanya. Na zile namba za uthibitisho zinazotolewa na programu ya simu wakati wa kuingia kwenye akaunti: kwa kawaida hubadilika kila sekunde 30. Asome namba sekunde 8 kabla haijabadilika, avue miwani, atafute vitufe, itakuwa imekwisha. Mwambie asubiri namba mpya itokee ndipo aanze kuandika. Namba zikikataliwa zote, tazama saa ya simu yake kwanza, kwa sababu namba hizo hukokotolewa kutokana na saa. Simu iliyokwenda mbele au kurudi nyuma kwa dakika chache itatoa namba zisizokubalika. Iweke ijipange yenyewe kutoka mtandaoni.

Kipindi chenyewe

Semina ya siku tatu yenye mada kumi na tano haibaki kichwani mwa mtu wa umri wowote. Kinachobaki ni kazi moja, iliyofanywa kwa mkono wako, katika wiki unayoihitaji. Kwa hiyo panga vipindi vya dakika 60, kila kimoja na kazi moja, na ukiweke karibu na matumizi yake: kukusanya kazi za wanafunzi wiki ya pili ya muhula, jaribio wiki ya nne au ya tano, kupakua alama siku chache kabla ya tarehe ya kuziwasilisha. Mtu aliyefundishwa kupakua alama mwanzoni mwa muhula atakuwa amesahau anapozihitaji, na atajilaumu yeye.

Watu sita hadi wanane kwa mkufunzi mmoja wanatosha. Wakizidi kumi, wa nyuma atainua mkono dakika saba bila kufikiwa, ataweka kompyuta chini na kuanza kujibu ujumbe kwenye simu. Kila mtu aje na kompyuta yake na afanye kazi ndani ya kozi yake halisi. Kozi ya mfano inaonekana salama, lakini mhadhiri akirudi ofisini anakutana na skrini isiyofanana na aliyoizoea, na anaanza upya.

Sheria moja isivunjwe: mkono wa mkufunzi haugusi kipanya cha mwanafunzi wake. Fundi kijana akikwama kumweleza profesa, kishawishi ni kusema "niruhusu kidogo" na kumaliza kazi kwa mibofyo minne. Profesa atashukuru na hatakuwa amejifunza kitu. Sema kwa maneno mahali pa kubofya, elekeza kwa kidole, nyamaza, subiri. Sekunde kumi za ukimya zinatosha mtu kuipata njia mwenyewe. Mwite kwa cheo chake kama ulivyozoea, na kosa lake usilitangaze kwa chumba kizima. Aliyekosolewa mbele ya wanaomwita mwalimu hatarudi kipindi kijacho.

Wapange wawili wawili, rika mchanganyiko, asiyejua ndiye ashike kipanya na anayejua aongoze kwa mdomo. Kipindi kijacho wabadilishane. Hili lina faida kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu mwenye umri mkubwa huja na kitu ambacho mdogo hana: maswali mazuri, mpangilio wa mada, na kumbukumbu ya mahali wanafunzi wanapokosea kila mwaka. Mwaka 2006 watafiti wa elimu Punya Mishra na Matthew Koehler walieleza kwamba kufundisha kwa teknolojia kunahitaji maarifa matatu yakutane, yaani somo lenyewe, namna ya kulifundisha na chombo kinachotumika. Ni nadra mtu mmoja kuwa navyo vyote mwanzoni. Wawili wanaweza kuwa navyo.

Baada ya kipindi, kila mtu aondoke na ukurasa mmoja uliochapishwa: hatua zisizozidi nane, picha ya skrini kwa kila hatua ngumu, herufi za ukubwa wa pointi 14. Mfumo ukiboreshwa na vitufe vikahama, ukurasa huo ubadilishwe siku hiyo. Mwongozo wenye picha za skrini ya zamani ni mbaya kuliko kutokuwa na mwongozo, kwani mtu anatafuta kitufe kisichokuwepo na kuhitimisha kwamba yeye ndiye haoni. Siku saba hadi kumi baadaye, warudishe kwa dakika 20 wafanye kazi ile ile bila ukurasa.

Kazi nzuri ya kuanzia: jaribio kutoka mitihani ya zamani

Ukitaka kazi ya kwanza itakayomshawishi mhadhiri mwenye uzoefu na kumfundisha kijana, chagua hii. Mwenye uzoefu ana mafaili ya mitihani ya miaka kumi na tano; kijana ana kasi ya mikono. Na faida inaonekana haraka: darasa la wanafunzi 200 linasahihishwa bila kalamu.

Maelezo haya ni ya Moodle, mfumo huria uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2002 na unaotumiwa na vyuo vingi. Wahadhiri wengi huingiza swali moja moja kwa kujaza fomu ndefu, wakichoka kwenye swali la sita. Kuna njia fupi: muundo wa maandishi unaoitwa Aiken, ambao unaruhusu maswali yote kuingia kwa mara moja.

1. Chagua maswali ya kuchagua jibu kutoka kwenye mitihani ya zamani. Yanakili na uyabandike kwenye kihariri cha maandishi matupu kama Notepad, ili mapambo yote ya Word yabaki nyuma.
2. Kila swali likae kwenye mstari mmoja, hata likiwa refu. Ondoa namba za mwanzo. Zisipoondolewa zitaonekana kama sehemu ya swali.
3. Kila jibu liwe na mstari wake, likianza na herufi kubwa, nukta, kisha nafasi.
4. Mara tu baada ya jibu la mwisho, andika mstari wa jibu sahihi, kisha acha mstari mmoja mtupu kabla ya swali linalofuata.

Liwe hivi:

Kiungo kipi cha mwili huzalisha insulini?
A. Ini
B. Kongosho
C. Figo
D. Wengu
ANSWER: B

5. Hifadhi faili kama maandishi matupu na uchague usimbaji wa UTF-8, yaani namna ya kuhifadhi herufi inayotunza alama za lugha zote.
6. Ndani ya kozi, fungua benki ya maswali, tengeneza kategoria yenye jina la mada, kisha nenda sehemu ya kuingiza maswali, chagua Aiken, pakia faili.

Yanayoharibika ni yale yale kila mara. Mtu huandika JIBU badala ya ANSWER kwa kuwa maswali yake ni ya Kiswahili. Mfumo hautambui, neno hilo lazima libaki kama lilivyo, kwa herufi kubwa, likifuatiwa na nukta mbili na nafasi. Majibu yakianza na herufi ndogo, a au b, hayatasomwa. Swali lililokatika mistari miwili litakataliwa. Alama za lafudhi zikigeuka kuwa vibokisi au alama za kuuliza, faili halikuhifadhiwa kwa UTF-8. Na muundo huu haubebi picha, wala fomula za kihisabati zilizochorwa ndani ya Word, wala swali lenye majibu sahihi mawili. Hayo yaingize kwa fomu. Anza na maswali matano tu. Yakipita, mengine yatapita.

Maswali yakishaingia, soma majibu tena kabla ya kuyatumia. Jibu la "yote yaliyotajwa hapo juu" linafanya kazi kwenye karatasi, lakini mfumo ukichanganya mpangilio wa majibu, "hapo juu" inaweza kuangukia nafasi ya kwanza. Liondoe, au uzime kuchanganya kwa swali hilo.

Sasa jaribio lenyewe. Ukiwa na maswali 30 kwenye kategoria, agiza mfumo umchagulie kila mwanafunzi 10 kwa bahati nasibu. Wawili walioketi pamoja hawatapata karatasi moja. Muda wa dakika 15 kwa maswali 10 unatosha pale swali linapohitaji kusoma na kufikiri, bila hesabu ndefu. Dirisha la kufungua liwe saa 24 na si dakika 15, kwa sababu intaneti au umeme vikikatika kwa baadhi ya wanafunzi, dirisha finyu litakuzalishia barua za malalamiko wiki nzima. Waambie wanafunzi kwamba anayeanza dakika tano kabla ya kufungwa atapata hizo tano tu. Muda ukiisha, majibu yajiwasilishe yenyewe. Majibu sahihi yasionyeshwe hadi dirisha lifungwe. Usipobadilisha mpangilio huo, wa kwanza kumaliza atapiga picha na kuwagawia wenzake.

Mwisho, mhadhiri afanye jaribio lake mwenyewe akiwa katika mwonekano wa mwanafunzi, kwa simu. Wanafunzi wengi watatumia simu, na jedwali pana linalopendeza kwenye kompyuta huenda lisisomeke hapo.

Video: fupi, na sauti kwanza

Hapa wenye umri mdogo wanahitaji msaada kuliko wanavyodhani. Kurekodi wanajua. Kinachotoka mara nyingi ni muhadhara wa dakika 90 uliorekodiwa mfululizo, ambao hakuna anayeufikisha mwisho. Uchambuzi wa video za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba watazamaji hushikilia video fupi, na dakika 6 ndiyo mipaka ya kawaida. Gawa muhadhara kwa dhana: dhana moja, video moja, jina la faili linaloeleza kilichomo.

Piga hesabu ya ukubwa kabla ya kurekodi. Video ya 720p iliyobanwa kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde inachukua megabaiti 7.5 kwa dakika: dakika 6 ni megabaiti 45, dakika 90 ni megabaiti 675. Mwanafunzi anayenunua data atapakua ya kwanza na kuiacha ya pili. Sauti peke yake kwa kilobiti 64 kwa sekunde haifiki nusu megabaiti kwa dakika, hivyo kwa somo la maelezo matupu, sauti pamoja na slaidi za PDF inatosha kabisa. Mfumo ukikataa kupokea faili kubwa, kosa si la mhadhiri. Kiwango cha juu huwekwa na msimamizi wa seva, na ni yeye wa kuombwa.

Picha mbaya huvumilika, sauti mbaya haivumiliki. Maikrofoni ikae sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi za "p" na "b" zisiigonge. Ile ya waya wa masikioni isisugue kola ya shati. Chumba chenye sakafu ngumu na kuta tupu hutoa mwangwi. Mapazia na rafu za vitabu huupunguza. Dirisha liwe mbele ya uso, kamwe lisiwe mgongoni. Kwenye slaidi, maandishi yasipungue pointi 24, na uwiano wa rangi ya maandishi na mandhari yake usiwe chini ya 4.5 kwa 1, ambao ndio unaotajwa na miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa wavuti kwa maandishi ya kawaida. Njano juu ya nyeupe haifikii hata nusu ya hapo.

Rekodi ya majaribio ya sekunde 20, isikilizwe kwa simu, ndiyo inayookoa saa nzima ya kurudia.

Ndani ya darasa

Projekta isipoonyesha kitu, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P na uchague kunakili au kupanua skrini. Hilo hutatua sehemu kubwa ya matukio. Kebo ya zamani ya VGA haibebi sauti, hivyo video itaonekana kimya hata kama kila kitu kimewekwa sawa. Slaidi ziwe pia kwenye flashi kama PDF. Na mhadhiri awe na mpango wa dakika 15 za kwanza zisizohitaji umeme, ili fundi apate muda wa kufika bila darasa kutawanyika.

Akili mnemba, ambapo wote wameanza pamoja

ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, wahadhiri wote walianza mstari mmoja. Itumie nafasi hiyo kuwakutanisha. Kipindi kizuri ni hiki: kila mhadhiri anachukua kazi aliyowapa wanafunzi muhula uliopita, anaiingiza kama ilivyo, kisha anasahihisha jibu kwa vigezo vyake mwenyewe. Mwenye uzoefu ataona makosa ya somo ambayo mdogo hayaoni, kama dai lisilo na msingi au marejeo ya kitabu kisichokuwepo. Mdogo ataonyesha jinsi swali likifafanuliwa zaidi jibu linavyobadilika.

Programu zinazodai kugundua maandishi ya akili mnemba zisitumike kama ushahidi wa kumwadhibu mwanafunzi. Zinakosea pande zote mbili, na anayeandika kwa lugha isiyo yake ya kwanza yuko hatarini kushukiwa bure. Badilisha kazi yenyewe: dai rasimu ya kwanza na ya pili, tumia data iliyokusanywa darasani, na mpe kila mwanafunzi dakika tano za kueleza kwa mdomo alichoandika. Kwa darasa kubwa lisilowezekana kuhojiwa lote, chagua mmoja kati ya kumi kwa kura, na watangaziwe mapema. Majina, namba za usajili na alama za wanafunzi visiingizwe humo kamwe.

Baada ya mafunzo

Kazi kubwa iko hapa, na hapa ndipo bajeti nyingi huwa zimekwisha. Mhadhiri mwenye umri mkubwa haachi teknolojia kwa sababu hakufundishwa. Anaiacha siku iliyomwangusha mbele ya wanafunzi na simu ya msaada isipokelewe. Weka namba moja, yenye mtu anayeijibu saa za vipindi, na uiandike kwenye ukurasa ule wa hatua nane na kwenye ukuta wa kila ukumbi. Wiki mbili za kwanza baada ya kila kipindi, mtu wa msaada akae dakika kumi za mwanzo kwenye darasa la yule anayejaribu kwa mara ya kwanza, nyuma, bila kuingilia hadi aitwe.

Kwa vijana, ufuatiliaji ni wa aina nyingine. Tazama kama mawasiliano ya darasa yamehamia kwenye kundi la simu lisilo la chuo, ambako alama na namba za wanafunzi zinapita hovyo na maswali yanaingia usiku wa manane. Tazama kama masomo yao yametawanyika kwenye programu tano, kila moja na akaunti yake, mwanafunzi asijue atafute wapi. Chombo kimoja kinachotumika vizuri muhula mzima kinatosha. Na nakala ya kozi ihifadhiwe nje ya mfumo kila mwisho wa muhula. Akaunti binafsi ya mhadhiri aliyehamia chuo kingine huondoka na kila kitu.

Mwishoni mwa muhula, usihesabu waliohudhuria semina. Rudi kwenye jedwali la kazi kumi, kaa tena na kila mmoja, na ulinganishe. Kazi ambayo watu wengi wa rika zote bado wameshindwa inakuonyesha kwamba mfumo, au mwongozo wako, ndio wenye kasoro. Ipeleke kwa msimamizi wa mfumo ikiwa na picha za skrini na hatua zilizokwama. Kazi iliyowashinda watu wawili tu, nenda ofisini kwao.

Na kwa yule anayekataa kabisa, mwulize ni kazi gani ya kufundisha inayomchosha kuliko zote. Akijibu kusahihisha, mrudishe kwenye jaribio la Aiken na maswali yake mwenyewe matano. Akijibu kurudia maelezo yale yale kwa makundi manne, mrekodie dhana moja kwa dakika 6. Akijibu kwamba hakuna inayomchosha na wanafunzi wake wanafaulu, mwache afundishe, ila mwombe maswali yake yaingie kwenye benki ya idara.